Mashine Nyuma ya Bucha

Nilifika Nchiru siku ya tatu baada ya maziko ya Mzee Swaleh, hitima ikiwa imeshasomwa na masufuria ya pilau yakikwanguliwa uani. Nilikuwa nimejitanda leso kichwani kwa namna ya mtu asiyeizoea, ikawa inateleza kila ninapoinama kusalimia. Ndugu mmoja wa marehemu, mzee wa Majengo kule Meru mjini, akanitazama kwa upole na kuuliza, "Na huyu mama ni wa wapi?" Nina vyeti ukutani nyumbani kwangu Embu. Nina vijana ninaowafundisha kazi, na wakulima ambao hawaniiti kwa jina tena bali huniita Daktari wa Kompyuta, cheo ambacho hakuna chuo kilichonipa. Siku ile vyote hivyo havikunijia mdomoni. Nilisema tu, "Mimi ni Makena, wa ile mashine." Mzee akasogea kwenye mkeka akanipa nafasi. "Aa, Makena wa mashine. Keti, mwanangu. Tumekusikia miaka mingi." Nimetambulishwa mbele ya watu wakubwa kwa maneno marefu kuliko hayo, lakini hakuna utambulisho ulionivimbisha kichwa kama ule. Nilikaa pale mkekani, nikapewa sahani ya pilau iliyobaki, na harufu ya mafuta ya ng'ombe na sabuni iliyokuwa ikitoka kwenye bucha yake iliyopakana na ua ikanirudisha moja kwa moja kwenye mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu.

Mwaka ule ofisi yangu ilikuwa chumba cha nyuma cha bucha ya Mzee Swaleh. Sisemi hivyo kwa kuona haya. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama hosteli za wanafunzi, nguo zimeanikwa kila ghorofa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, na ndani kulikuwa na friza mbili kubwa, meza ya mbao yenye alama za visu, na pembeni, juu ya matofali manne ili maji ya kuosha sakafu yasiifikie, mashine yangu. Ilikuwa seva ya mtumba, nyeusi, yenye uzito wa mbuzi mdogo, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuhifadhi picha. Watu walinicheka. Msichana amemaliza chuo kikuu hapo jirani, wenzake wameenda Nairobi, yeye anakaa na matumbo. Lakini stima ya Nchiru wakati ule ilikuwa ikienda na kurudi ipendavyo, na katika mtaa mzima ni Mzee Swaleh peke yake aliyekuwa na jenereta inayowaka kabla hujamaliza kulalamika, kwa sababu nyama haisubiri. Nilimwomba soketi moja. Alinitazama, akaitazama mashine, akauliza, "Inakula nini?" Nikamwambia stima kidogo tu. "Na inaweka nini ndani?" Nikamwambia picha za migomba za wanawake wa Kanyakine. Akafuta mikono kwa aproni. "Basi na mimi naweka, na yenyewe inaweka. Sisi ni wa kazi moja." Hakuniuliza jambo lingine.

Wanawake wa Kanyakine walikuwa kikundi cha wakulima wa ndizi, na mwenyekiti wao alikuwa Mwalimu Karimi, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisimama wima hata anapokuwa peke yake. Mnyauko ulikuwa umeingia mashambani mwao. Mgomba unaanza kwa jani moja la manjano, unadhani ni kiu, kisha ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Kulikuwa na bwana shamba mmoja mstaafu kule Embu, Mzee Nyaga, aliyeweza kukuambia kwa kutazama picha kama huo ni mnyauko au ni jua tu. Hapo mwanzo wanawake walikuwa wakitumiana picha kwenye kundi la simu. Halafu mmoja wao, Mama Kinya, akatuma picha ya mgomba wake mmoja ulioharibika, na kabla ya wiki kwisha picha hiyo ilikuwa kwa kila mnunuzi kuanzia Kanyakine hadi Nkubu. Magari ya kununua ndizi yakawa yanapita kwake bila kupunguza mwendo. Mgomba mmoja tu ulikuwa mgonjwa, lakini msimu mzima ndizi zake zililiwa na ng'ombe. Tangu hapo hakuna mwanamke aliyetuma picha, ugonjwa ukawa unatembea shamba kwa shamba kimyakimya, kila mtu akificha wake. Mwalimu Karimi akasimama mbele yao akatoa ahadi: picha zitakuwa na nyumba yao wenyewe, yenye kufuli, na hakuna mtu atakayeingia ila mwanachama na Mzee Nyaga. Kisha akaja chuoni kutafuta wa kuijenga hiyo nyumba, akanipata mimi.

Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa Njeru, kijana wa Embu tuliyesoma darasa moja, mpwa wake Mzee Nyaga. Njeru alitengeneza tovuti, ile sura ambayo mwanamke angeifungua kwenye simu yake, na tovuti hiyo tuliiweka kwa kampuni moja ya Nairobi ili ifunguke upesi popote. Mimi nilishika mashine ya picha. Tulikula pamoja mchana juu ya friza ya upande wa dirisha, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa aliotumiwa na mama yake au githeri ya mahindi na maharagwe ya kibanda cha jirani, na mara kwa mara Mzee Swaleh alituletea supu kwenye vikombe vya chai. Wanafunzi walikuwa wakija dirishani kumwuliza mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, naye akawajibu kila siku kwa upole ule ule, "Hapa hatutengenezi, jaribu kule chini," kana kwamba hajawahi kuulizwa. Nilijifunza mengi kwa kusikia sauti yake kupitia ukuta wa mbao. Alikuwa hamwambii mteja kwamba nyama imekwisha. Alisema, "Ya leo imepata wenyewe."

Mwezi wa kwanza mashine ilinisumbua. Jenereta ikishika kazi, mashine inazima na kuwaka yenyewe, na kila ikizima inachukua muda kukumbuka kazi yake. Nilibadilisha waya, nikahamisha soketi, nikapindua mpangilio huu na ule kwenye programu, na asubuhi moja ikaacha. Stima ikapotea, jenereta ikanguruma, na mashine ikaendelea kana kwamba haikusikia kitu. Nilitoka mbele ya bucha nikamtangazia Mzee Swaleh na wateja wake wawili kwamba nimemaliza ule ugonjwa kwa akili yangu mwenyewe. Mzee akaacha kukata. "Mashallah," akasema. "Kweli mtoto umesoma." Habari hiyo niliisimulia kwa miaka, kwenye usaili wa kazi, kwa wanafunzi wangu, hata kwa mume wangu kabla hajawa mume wangu.

Tatizo kubwa lilikuja tulipounganisha tovuti ya Njeru na mashine yangu. Nitaeleza kwa namna ninavyowaeleza wakulima. Brauza, ile programu ya kufungulia tovuti kwenye simu, ina adabu ya kizamani. Tovuti ya nyumba moja ikitaka kitu kilicho katika nyumba nyingine, brauza haiiachi ijichukulie. Inataka mwenye ile nyumba ya pili aseme mwenyewe kwamba watu wa kule nawajua, waje. Tovuti yetu ilikuwa Nairobi, picha zilikuwa Nchiru. Kwa brauza hizo ni nyumba mbili zisizojuana. Siku mbili za kwanza nilimfanya Njeru aandike ruhusa hiyo kwenye tovuti yake, mpaka nikatambua upumbavu wangu, maana huko ni mgeni kujikaribisha mwenyewe. Nikaihamishia kwenye mashine, nikataja tovuti ya Njeru kwa jina lake kamili. Brauza ikakataa vilevile, kwa maandishi mekundu. Na kilichonikondesha ni hiki: nikiifungua mashine moja kwa moja kwa kitambulisho changu, yaani jina na neno la siri ambalo ndilo kufuli yetu, picha inakuja bila shida. Nikipitia tovuti, nyekundu. Mlango uko wazi nikija peke yangu, umefungwa nikija na Njeru.

Tuliikalia wiki mbili. Njeru alikuwa na tabia ya kusukuma kiti nyuma na kuimba nyimbo za kanisani kila kitu kinapokataa, na wiki hizo nilizisikia zote. Mkutano wa wanachama ulikuwa umepangwa Alhamisi. Siku hiyo wangeona mashine ikifanya kazi na kuamua kama wataitumia, ama jambo zima life. Ijumaa kabla ya hapo, Njeru alisimamisha wimbo katikati. "Makena, toa hiyo lock. Alhamisi tu. Ukitoa lock kila kitu itapita, tushajaribu."

Ni kweli tulikuwa tumejaribu. Kwa dakika tano nilikuwa nimeondoa kabisa kudai kitambulisho, na picha zote za majaribio zikamiminika kwenye simu ya Njeru, akacheza kati ya friza. Kisha nikairudisha.

"Na mtu mwingine akifungua hizo dakika?" nikamwuliza.

"Nani atajua? Ni wamama hamsini na hall moja. Wakishaona inafanya, jioni unarudisha. Hatudanganyi mtu, tunaonyesha tu vile itakuwa."

"Mwalimu amewaambia iko na kufuli."

"Itakuwa nayo."

"Amesema iko, Njeru. Hakusema itakuwa."

Alivuta kiti chake kurudi mezani. Hapo tukasikia sauti ya Mwalimu Karimi upande wa mbele. Alikuwa amekuja Nchiru kwa shughuli zake, akapitia nyama, na hakujua tuko ndani. "Baba Mwanaisha," alisema, "hawa watoto wataweza?" Kisu cha Mzee Swaleh kiliendelea kugonga ubao. Mwalimu akasema tena, sasa kwa sauti ya chini, "Unajua mimi niliwaambia wale wamama kwa kanisa. Nilisimama mbele yao. Mama Kinya alinishika mkono akaniuliza, Mwalimu, una hakika? Nikamwambia nina hakika. Huyu msichana akishindwa, mimi sijui nitaingia hiyo kanisa nikikaa wapi." Kisu kikanyamaza. "Hatashindwa," Mzee Swaleh alisema. "Akishindwa pia atakwambia ameshindwa. Huyo hajui kuuza nyama ya jana." Njeru alinitazama, nikamtazama. Hakutaja tena kuondoa kufuli. Mpaka leo nikiona mtu anataka kunishawishi nionyeshe kitu ambacho hakipo, nasikia kile kisu kikinyamaza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na kaka yake Njeru alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa wakwe huko Kianjai, Tigania. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ni Mmeru na najua kuongea na watu wa Tigania, ingawa nilitaka kubaki na maandishi yangu mekundu. Msafara ulitoka Embu asubuhi na mapema, ukatupitia mimi na Njeru hapo Nchiru: magari matatu, kondoo mmoja mnene, asali ndani ya mtungi, na mzigo wa miraa uliofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Magari yakasimama mbali kidogo na boma, kama inavyotakiwa. Wageni hawafiki mlangoni kwa kishindo na mizigo yao. Mtu mzima mmoja anatangulia, mikono mitupu, kuuliza kama wenyeji wako tayari, nao wanamwuliza ni kina nani wanaokuja na wanakuja na nini, kisha anarudi na jawabu. Aliyetumwa alikuwa Mzee Nyaga mwenyewe, yule bwana shamba, na koti lake la kahawia na kofia ya kwenda kanisani. Tukamwona anaingia kwenye kona ya ua, tukatulia kumsubiri. Akarudi upesi mno.

"Wamekataa?" baba yake Njeru akauliza.

"Kuna mtu hapo kwa geti," Mzee Nyaga akasema. "Anataka kuona miraa na kondoo kwanza. Nimemwambia mimi nimetumwa kuuliza tu. Anasema hakuna mtu anapita mikono mitupu."

Wazee walishauriana. Kutuma mizigo kabla ya kukaribishwa ni utovu wa adabu, ni kama kuwanunulia watu heshima yao barabarani. Wakamrudisha Mzee Nyaga aeleze tena. Akarudi tena. Jua lilikuwa limepanda, kondoo analia ndani ya gari, shangazi mmoja akaanza kusema kwamba Waembu tumedharauliwa na ni heri turudi nyumbani. Mara ya tatu wakanituma mimi niandamane naye. Nilimkuta mlinzi huyo wa geti, mwanamume wa makamo, mkwe wa nyumba hiyo aliyeoa binti mkubwa miaka ya nyuma. Baadaye niliambiwa siku alipokuja yeye kuposa alisimamishwa jua kali hadi saa tisa, na leo alikuwa amekabidhiwa geti, akaamua haki itendeke. "Mzee, wewe ni mtu mzuri," alikuwa akimwambia Mzee Nyaga, "lakini mimi nimeambiwa hakuna mtu anaingia bila mzigo. Niliambiwa hivyo. Mzigo uko wapi?" Nami nikaanza kumbembeleza kwa Kimeru, na wakati tunabishana akatokea bibi mmoja mfupi kutoka jikoni, nyanya yake bibi harusi, ameshika mwiko wa kupondea mukimo wa ndizi na viazi. Alikuwa amekasirika, lakini si kwetu. Kumbe huko ndani walikuwa wameketi tangu asubuhi, mukimo unapoa, wakisema Waembu ni watu wasiojali saa. Hawakujua tumefika. Hakuna neno hata moja letu lililokuwa limewafikia.

"Nani amemzuia huyu?" bibi akauliza. Mkwe akaeleza: aliambiwa asipite mtu bila mzigo. Bibi akamnyooshea mwiko, akasema maneno ambayo nayakumbuka kwa Kimeru chake, nayo kwa Kiswahili ni haya: "Mjumbe haulizwi mzigo. Mjumbe anajibiwa. Wakija wenyewe ndio uwaulize." Akamgeukia Mzee Nyaga, akamwuliza ni kina nani na wana nini, akajibiwa, akasema, "Watu wa Embu tunawajua. Waje na hivyo vitu." Mambo yakaisha.

Mimi sikuondoka hapo getini. Nilisimama nimeshika nguzo ya ua, nikimtazama yule mkwe, na nikaanza kucheka peke yangu hadi machozi, kwa sababu nilimjua. Nilikuwa nimemwajiri mimi mwenyewe. Brauza ya simu haiendi mara moja kwenye mashine ikiwa na picha na kitambulisho mkononi. Inatuma kwanza swali tupu: watu wa tovuti fulani wanataka kuja, na wanataka kuleta hivi na hivi, waje? Swali hilo halibebi kitambulisho, si kazi yake kubeba. Nami nilikuwa nimeipa mashine amri ya kijinga na ya uaminifu: asipite yeyote bila kitambulisho. Kwa hiyo kila mjumbe alifukuzwa getini, na ile ruhusa nzuri niliyoiandika, yenye jina la tovuti ya Njeru, ilikuwa imekaa ndani ikipoa kama mukimo wa bibi. Nilipokwenda peke yangu mlango ulifunguka kwa sababu mwenyewe hahitaji kutuma mjumbe nyumbani kwake. Kitabu changu cha chuo kilikuwa kimelitaja swali hilo la kwanza kwa mstari mmoja, na mimi, mwenye digrii, nikauruka. Niliomba kalamu kwa mtu, nikaandika nyuma ya ratiba ya sherehe. Njeru alinikuta hapo akadhani nimepatwa na jua. "Kufuli inabaki," nikamwambia. "Ni mjumbe tumekuwa tukimfukuza." Alichukua karatasi, akasoma, akaketi juu ya jiwe na koti lake jipya. Hakuimba.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikuwa Nchiru. Mzee Swaleh alikuwa akinoa visu mlangoni, nikamwambia leo itafanya, akaviacha akaja kutazama. Niliandika mistari michache tu. Swali la kwanza lijibiwe bila kudaiwa kitambulisho. Jawabu litaje tovuti ya Njeru peke yake, kazi zinazoruhusiwa, na kwamba waje na vitambulisho vyao. Wakija wenyewe, hapo mlango uwaulize. Nikachukua simu, nikampiga Mzee Swaleh picha akiwa amesimama kando ya mizani yake, amenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, nikaipakia kupitia tovuti. Ikaenda. Nikaiomba irudi. Ikarudi, mizani na yote. Nilipiga kelele hata wanafunzi wa ghorofani wakachungulia.

"Sasa imekuwa wazi kwa kila mtu?" Mzee Swaleh akauliza.

"Hapana, Mzee. Kwa waliotajwa tu."

"Basi hiyo ndiyo karibu," akasema. "Hiyo nyingine ni kusahau kufunga duka."

Siku ya Alhamisi ukumbi wa kanisa la Kanyakine ulijaa. Wanawake walikuja na chupa za chai na ndizi za kuchemsha, wakaketi wakiwa wamefunga mikono, na nilijua wanamtazama mtu mmoja. Mama Kinya alikuwa safu ya pili, mwembamba, kitambaa cha bluu kichwani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa mbele ya kijiji kizima. Naeleza haya kwa sababu nilimwuliza mwezi uliopita kama ninaweza kuyaandika, akasema nimtaje kwa jina na niandike vizuri. Nilionyesha kazi. Njeru akapakia picha ya jani, ikafunguka. Watu wakanong'ona. Ndipo Mama Kinya akasimama, akaomba simu ya mke wa mwanawe, ambaye si mwanachama, akanipa. "Fungua na hii," akasema. Nikafungua tovuti, nikagusa picha. Ikakataa. Akaomba simu ya mchungaji. Ikakataa. Akamgeukia Mwalimu Karimi, "Na yako?" Mwalimu akafungua kwa kitambulisho chake cha uanachama, na jani likatokea, kubwa na la kijani. Mama Kinya akarudi kwenye kiti chake. Alifungua mkoba, akatoa simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka, na ndani yake kulikuwa na picha aliyoipiga wiki tatu kabla, mgomba wenye jani moja la manjano, ambayo hakuwa ameionyesha hata kwa mumewe. Akaniuliza agonge wapi. Akagonga.

Mchana huo huo Mzee Nyaga akajibu kutoka Embu kwamba ni mnyauko, aung'oe mgomba ule wote na asikate mwingine kwa panga alilolitumia kabla ya kulipitisha motoni. Siku ile, kabla hatujafunga ukumbi, wanawake wengine walipanga foleni na simu mkononi. Mwalimu Karimi alikuwa amesimama karibu na mlango, wima kama kawaida yake, akiwapa mkono wanaotoka mmoja mmoja. Aliponifikia alinishika mikono yote miwili. "Makena," akasema, "Jumapili nitakaa mbele." Shamba la Mama Kinya lilibaki na migomba yake mingine yote, na hakuna mnunuzi aliyejua. Nasema bila kujificha, nimefanya kazi kubwa zaidi baada ya hapo, lakini sijafanya iliyo njema zaidi.

Mashine ilikaa bucha mwaka mzima, kisha kikundi kikakua, tukaihamishia Embu kwenye chumba chenye vioo na kiyoyozi. Mzee Swaleh aliifuta vumbi kwa kitambaa chake kabla hatujaipakia garini. Nilimpigia simu kila Idi, nilimtembelea si mara nyingi kama nilivyopaswa, na sasa nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wake na yeye hayupo. Binti yake Mwanaisha, ambaye mwaka ule alikuwa shule ya bweni na sasa ndiye mwenye bucha, aliniona nimemaliza kula, akanishika mkono. "Njoo uone chumba chako, dada."

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Matofali manne yalikuwa bado pembeni. Mwanaisha aliinama kwenye friza ya upande wa dirisha, akainua mfuniko, akanitolea chupa ya maji baridi hata ikaniuma vidole. Nikaitazama ile friza. Ilikuwa ile ile, yenye kovu la kutu kwenye kona, ambayo karibu mwaka ule mzima ilikuwa imefunikwa kitambaa cha plastiki cha maua, na mimi na Njeru tukila muthokoi wetu juu yake kama meza.

"Mlitengeneza lini hii?" nikauliza. "Si ilikuwa imekufa?"

"Imekufa lini?" Mwanaisha akasema. "Haijawahi kufa. Baba aliizima. Nilirudi likizo nikamwuliza, akasema hii ikianza kuvuta kwenye jenereta inaangusha mashine ya wanawake, na wewe ulikuwa unahangaika na nyaya. Mwaka huo akawa anachinja mara mbili kwa wiki, kidogo kidogo, nyama isilale. Hakukwambia?"

Nilisimama hapo na chupa ya maji. Friza ilikuwa ikivuma polepole. Nilikumbuka nilivyotoka mbele ya wateja kutangaza akili zangu, naye akaacha kisu akasema mashallah.

"Aliniambia nimesoma," nikamwambia Mwanaisha, na nikaketi juu ya friza, mahali pangu pale pale, nikalia.